Kichwa Kinachofunguka: Tumekiona Lupaso!

Ubongo unatoka! Unapenyeza vidole chini ya pande la juu la fuvu, unalifunua kama kawa, na ubongo huu hapa, mapande mawili, mikunjo yake yote imefuatwa. Toa pande la kulia. Toa la kushoto. Sasa unatazama sakafu ya fuvu, na sakafu hiyo imejaa matundu, makubwa kwa madogo, ya mviringo na ya kubonyea, na hakuna hata moja lililotobolewa bure. Hili linapitisha neva ya jicho. Lile linapitisha neva ya kusikia, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotusaidia kusimama bila kuyumba. Pale mbele, juu kabisa ya pua, kuna kibamba chembamba cha mfupa chenye vitundu vingi vidogo, na habari ya kila harufu uliyowahi kuijua, ya korosho zinazokaangwa, ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, ya mtoto mchanga, imepanda kwenda ubongoni kupitia hapo. Halafu katikati, chini, lipo tundu kuu kuliko yote, ambamo ubongo unateremsha uti wake kuingia shingoni. Nimeingiza kidole gumba. Kinapita! Jamani, kinapita chote!

Ninachokisifu hapa ni sanamu ya kufundishia, kichwa na shingo vya mtu mzima kwa ukubwa wake halisi, ya plastiki ngumu, imesimamishwa juu ya kibao. Upande mmoja umekatwa katikati kutoka utosini hadi juu ya kifua, kwa hiyo pua, kinywa, koo na pingili vyote viko wazi. Upande wa pili umevuliwa ngozi, na misuli ya uso inakutazama. Mpwa wangu anasomea utabibu Masasi, na kwa ruhusa ya walimu wake amekuja nayo nyumbani Lupaso mwisho wa juma, ndani ya boksi lililofungwa kamba ya katani, ili ajiandae na mtihani. Boksi lilipofunguliwa barazani, mtihani ukawa wa kijiji kizima. Walikuja watoto wa shule, wakaja akina mama waliokuwa wanarudi shamba, wakaja wazee. Kila aliyefika alifanya jambo lile lile bila kuambiwa: alitazama sanamu, kisha akapeleka mkono shingoni mwake mwenyewe.

Lupaso wengi wanaijua kwa sababu hapa ndipo alipozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938, na hapa ndipo alipozikwa Julai 2020. Jina lake leo limebebwa na hospitali kubwa iliyoko Dodoma. Na jirani zetu wa Lulindi wanamkumbuka Daktari Leader Stirling, Mwingereza mpasuaji aliyefika Tanganyika mwaka 1935, akatibu watu huko kwa miaka mingi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kwa hiyo habari za mwili wa mtu si ngeni kusini hii. Kigeni, na ndicho kinachonifanya niandike mbio mbio hivi, ni mwili kuwekwa barazani, mchana, kila mtu aushike kwa mikono yake.

Sasa nisikilizeni. Wengi mtakimbilia ubongo, nami nilikimbilia huko huko. Lakini bingwa wa sanamu hii ni shingo. Shingo!

Zungusha kiganja chako shingoni sasa hivi, usione haya. Ndani ya hapo ulipopashika inapita hewa yote unayovuta na kila tonge unalomeza. Damu ya kulisha ubongo inapanda humo, na damu iliyokwisha kutumika inateremka humo. Amri zote za kuinua mkono, kupiga hatua na kushika jembe zinashuka humo humo. Sauti inatengenezwa humo. Na bado imebaki nafasi ya tezi, ya misuli ya kugeuza kichwa, na ya mfupa mmoja wa ajabu, hayoidi, uliopinda chini ya ulimi na ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote, umeshikiliwa na misuli na kano tu. Nilipouona ule mfupa peke yake, unaning'inia, nilisimama. Mtu anaishi miaka yote hiyo anaongea na kumeza, na hajui kwamba ana mfupa usio na jirani!

Pingili za shingo ni 7. Twiga wetu, mnyama wa taifa, ambaye shingo yake inafikia mita 2 hivi, naye anazo 7, ila kila moja imerefushwa. Inamisha kidevu kifuani, kisha pitisha vidole kisogoni ukishuka: kile kifundo kinachojitokeza zaidi kuliko vingine, pale shingo inapokutana na mgongo, kwa watu wengi ni pingili ya 7. Tulifanya hivyo barazani watu wote kwa pamoja, vichwa chini, na kelele za "Ninayo! Ninayo!" zilisikika hadi barabarani.

Lakini pingili za juu mbili ndizo zilizonimaliza. Katika sanamu hii zinachomoka, na nakuomba ukiipata uzichomoe kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwanza ni pete. Haina lile gogo la mfupa ambalo pingili nyingine zote zinalo. Ni pete yenye vikalio viwili juu, kulia na kushoto, na fuvu limekaa hapo. Ukiitikia kwa kichwa, mwendo huo unafanyika hapo. Ya pili imeota jino la mfupa linalosimama wima, na jino hilo linaingia ndani ya pete ya kwanza. Ukikataa kwa kutikisa kichwa kulia na kushoto, pete inazunguka kwenye jino. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo yako unatoka kwenye kiungo hiki kimoja. Nilizishika pingili mbili mkononi nikawa nazizungusha, naitikia, nakataa, naitikia, nakataa, mpaka mpwa akaniambia, "Mjomba, na wengine nao wanataka."

Mama mkubwa ndiye aliyezipokea. Yeye alikulia juu, upande wa Newala, enzi ambazo maji kule yalikuwa ya kuteremkia. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, unanyonya mvua yote, na maji yanajitokeza chini, kwenye chemchemi za ukingoni na mabondeni. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini kabla yake, na katika vijiji vingi hata baada yake, wanawake walishuka mteremko na kupanda nao wakiwa na maji kichwani juu ya ngata. Mama mkubwa aliigeuza ile pete ya mfupa, akatazama vile vikalio viwili, ambavyo kila kimoja kina upana wa ukucha wa kidole gumba.

"Ndoo yote ile ilikaa hapa?"

"Hapo hapo, bibi," mpwa akamjibu. "Kutoka kwenye fuvu inashukia hapo kwanza."

Hesabu zake zinatisha. Kichwa cha mtu mzima chenyewe kina kilo 4 na nusu hadi 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji tupu, bila ndoo. Mzigo wa mara 4 ya kichwa unapita kwenye vikalio viwili vidogo, na kati ya fuvu na pingili ya kwanza, na kati ya ya kwanza na ya pili, hakuna hata ule mto laini wa gegedu unaozitenganisha pingili za chini. Mito hiyo inaanzia chini ya pingili ya pili. Ndiyo maana shingo ya mbebaji hainyooki kwa urembo. Inanyooka ili mzigo ushuke wima, mfupa juu ya mfupa, nayo misuli ya shingo ifanye kazi ya kusahihisha tu, siyo ya kubeba. Ngata inatandaza uzito utosini na kuuweka katikati. Mama mkubwa alisema neno moja tu, "Kumbe," kisha akairudisha pingili mahali pake mwenyewe, bila kuelekezwa, na ikaingia sawasawa mara ya kwanza.

Geukeni mbele ya shingo. Pale kwenye kifundo kinachopanda na kushuka mwanaume anapomeza, hapo ndipo lilipo zoloto, nyumba ya sauti. Katika sanamu zoloto lenyewe linafunguka mapande mawili na ndani unaona nyuzi za sauti. Chini yake kidogo, mbele ya bomba la hewa, imekaa tezi ya thairoidi, mabawa mawili yaliyounganishwa katikati. Hii ndiyo inayovimba na kuwa rovu mtu akikosa madini joto, na ndiyo sababu kwenye pakiti ya chumvi imeandikwa kwamba imetiwa madini joto. Sisi wa Mtwara na Lindi tunaishi karibu na mashamba ya chumvi ya pwani, na chumvi ghafi ya kupimiwa kwenye kopo ni rahisi kuipata. Nunueni ile iliyotiwa madini joto. Ukiishika tezi hii mkononi ukaona udogo wake na mahali ilipokaa, huhitaji tena kushawishiwa.

Pembeni mwa zoloto, kila upande, unapita mshipa mkubwa mwekundu wa damu inayopanda kichwani. Weka vidole viwili hapo, upande mmoja tu, taratibu, usibane pande zote mbili kwa pamoja. Unapiga! Usawa wa ukingo wa juu wa zoloto mshipa huu unagawanyika, tawi moja linaingia ndani kwenda ubongoni na jingine linabaki nje kulisha uso. Katika sanamu njia panda hiyo imeonyeshwa vizuri sana, na neva nene inayoshuka sambamba nao pia ipo.

Halafu koo. Hapa watu walinyamaza, na hapa ndipo nilipoona thamani ya kitu hiki kuliko mahali pengine pote. Nyuma ya kinywa njia ya hewa na njia ya chakula zinakutana na kupishana. Hewa inatoka juu na nyuma, puani, inataka kwenda mbele, kwenye bomba la hewa. Chakula kinatoka mbele, kinywani, kinataka kwenda nyuma, kwenye umio. Lazima vikatizane! Na kila unapomeza, bila wewe kuamuru, zoloto linapanda juu, kidakatonge kinalala juu ya mlango wake, kaakaa laini linafunga njia ya pua, pumzi inasimama, tonge linapita, kila kitu kinafunguka tena. Mara nyingi mno kwa siku. Ukicheka huku unakula, mlango hauwahi kufunga, na unapaliwa.

Nataka kusema hili kwa sauti kubwa kwa sababu tunaishi kwenye mikorosho. Korosho na karanga ni saizi kamili ya kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo, ambaye magego yake hayajatosha kusaga na ambaye anakimbia huku anatafuna. Mtoto wa chini ya miaka 4 au 5 asipewe nzima, itwangwe. Na mpwa alituonyesha la kufanya mtu mzima au mtoto mkubwa akipaliwa hadi hawezi kukohoa wala kutoa sauti: mwinamishe mbele, mpige mapigo 5 ya nguvu kati ya mabega kwa kiganja, na ikishindikana simama nyuma yake, zungusha mikono, ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumbo halibanwi; analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, na kupigwa mgongoni, na ikibidi anageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua. Ukiwa na sanamu mbele yako unaelewa kwa nini: unaisukuma hewa iliyomo mapafuni itoke kwa kishindo na kuling'oa tonge kutoka chini.

Na kimeo! Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, unachokiona kwenye kioo ukisema "aaa". Kipo kwenye sanamu, kidogo, chekundu, mahali pake. Nchini mwetu watoto wengi wamekatwa kimeo kwa wembe na waganga kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha. Nimekishika kimeo cha plastiki na nimefuata kwa kidole njia yote kutoka hapo hadi mapafuni, na nakwambia, msomaji, kikohozi hakikai hapo. Kikohozi kinatoka chini, kwenye njia ya hewa, au kinaletwa na kamasi linalotiririka kutoka puani. Kimeo ni sehemu ya kaakaa laini linalofunga njia ya pua unapomeza. Ukikikata unamtoa mtoto damu mahali penye mishipa mingi, unampa hatari ya pepopunda na maambukizi mengine, na kikohozi, kiwe cha kifua kikuu, nimonia au pumu, kinabaki pale pale kikisubiri dawa yake. Mama mmoja kijana aliniomba nimrudishie hiyo sehemu aione tena. Akaifuata njia ile ile kwa kidole chake. Kisha akaifuata tena.

Upande wa uso uliovuliwa ngozi ni karamu! Kaza meno, shika shavu karibu na pembe ya taya: huo uliojaa ni msuli wa kutafunia. Sasa shika panja, kaza tena: na huko unajaa! Ni msuli mwingine wa kutafuna, mpana, umeanzia ubavuni mwa fuvu, ukapita chini ya mfupa wa shavu, ukashika taya la chini. Wale tuliokulia kula ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kutafunwa, tunazijua kazi zake. Na hapa siwezi kuacha kumtaja Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mwenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Msuli huu kwake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba fuvu liliota ukingo wa mfupa katikati ya utosi ili misuli ya kulia na ya kushoto ipate pa kushika. Sanamu yetu haina ukingo huo. Pitisha mkono utosini mwako: laini. Tumeanza kupika, tumeanza kusaga, na taya limepumzika.

Mbele ya sikio kuna tezi kubwa ya mate, ile inayovimba mtoto anapougua matubwitubwi. Ndani ya tezi hiyo inapita neva ya uso, na humo humo inagawanyika matawi 5 yanayotawanyika hadi kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Rangi yake ya njano kwenye sanamu inaonekana vizuri juu ya misuli myekundu. Kucheka, kununa, kupiga mluzi, kufumba jicho, vyote vinatoka hapa! Mtu akiamka uso umevutika upande mmoja, tumezoea kusikia kwamba amepigwa na upepo mbaya. Sasa angalieni. Mwambie apandishe nyusi. Neva hii ikiumia yenyewe, paji la upande huo nalo halikunji. Ikiwa paji bado linakunja pande zote lakini mdomo umeanguka, tatizo huenda liko juu zaidi, ubongoni, na hicho huweza kuwa kiharusi. Kwa vyovyote vile ni hospitali, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Lakini kuijua tofauti hiyo kwa kuiona imechorwa kwenye plastiki, njia yake nzima kutoka tunduni hadi kwenye tabasamu, hiyo ni furaha ambayo sikuitarajia.

Nilipomaliza uso nilikimbilia kuulinganisha na barakoa. Wamakonde wamekuwa wakichonga kichwa cha mtu tangu zamani. Barakoa zao za upande wa Msumbiji, mapiko, si kipande cha kufunika uso tu. Ni kichwa kizima kilichochimbwa ndani kwa mti mwepesi, mchezaji anakivaa na kutazama nje kupitia mdomo wake. Mchongaji anaweka nywele halisi za binadamu. Nembo za uso anaziweka kwa kuchonga au kwa nta. Ndonya, lile pambo la mdomo, anaiweka kwenye mdomo wa juu. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906 akipiga picha sura za watu wenye nembo na ndonya na kukusanya vitu vya kupeleka Leipzig. Na barakoa moja ya Kimakonde iliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, ikanunuliwa mwaka uliofuata na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, na ikarejeshwa Tanzania Mei 2010. Watu wanavuka bahari kwa ajili ya kichwa kilichochongwa hapa!

Nimetazama barakoa ya jirani mmoja kwa jicho jipya. Sikio limekaa pale pale linapotakiwa, usawa wa kati ya nyusi na pua. Mfupa wa shavu umeonekana. Taya limepinda mahali sahihi. Mchongaji yule hakuwahi kufungua fuvu, lakini kila mfupa unaoweza kuushika kwa nje, aliukuta. Sanamu ya plastiki inaanzia pale barakoa inapoishia, na nikiziweka mbili pamoja mezani napata kichwa kizima, ngozi na utu kwa huku, mfupa na neva kwa huku.

Sikio niliseme haraka. Mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, imo, na kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi. Ipo pia njia nyembamba inayotoka nyuma ya pua hadi kwenye sikio la kati. Ukishuka na basi kutoka Newala masikio yakaziba, ukameza mate yakazibuka, ni njia hiyo imefunguka. Watoto wadogo njia hii kwao ni fupi na imelala, ndiyo maana mafua yao yanageuka usaha wa sikio upesi.

Kasoro zipo, na nazitaja kwa sababu nakipenda kitu hiki. Rangi zinadanganya: ndani ya mtu hakuna neva za njano kali wala vena za buluu namna hii. Kila kitu kimetenganishwa kwa usafi, ilhali mwilini vyote vimefungwa pamoja kwa utando na mafuta. Majina yote ni namba, na orodha yake ni ya Kiingereza na Kilatini, kwa herufi ndogo mno. Tunahitaji karatasi ya Kiswahili, na tumeanza kuiandika. Neva ya sauti ya kushoto, ambayo inashuka hadi kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo na kupanda tena hadi kwenye zoloto, imekatwa kwa sababu sanamu inaishia juu ya kifua, na hivyo safari yake ya ajabu haionekani. Kubwa zaidi, ni kichwa cha mtu mzima tu. Akina mama waliuliza utosi wa mtoto uko wapi, ule ulaini unaodunda, unaobonyea akiharisha na kuishiwa maji, na ambao kwa kawaida unafunga kufikia miezi 18 hivi. Haumo. Ingekuwa ni mimi ninayetengeneza, kichwa cha mtoto kingekuwa boksi la pili, bila mjadala.

Bei si ya mfuko wa mkulima mmoja. Lakini msimu wa minada ya korosho AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inapokaa kupanga makato ya maendeleo, naomba mtu asimame aseme: shule yetu ya sekondari, zahanati yetu, sanamu moja. Itadumu. Watoto wa darasa la sita waliitenganisha na kuiunganisha jioni nzima, na hakuna kipande kilichopotea wala kuvunjika.

Mimi sijasubiri. Nimekwenda Newala na picha za pingili mbili za juu, mbele, nyuma, juu na chini, nikamtafuta mchongaji mmoja. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mpingo ameukataa, anasema ni mzito na pete itachelewa kuzunguka. Anataka mti wa barakoa. Ameniuliza unene wa pete, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa sababu ameona kwenye picha kwamba haulingani. Sikuwa na jibu. Mpwa anachukua rula kesho asubuhi kabla boksi halijarudi Masasi.